Kipoyi cha Papa Anaclet

Wahenga walisema bandu bandu huisha gogo. Mtu akibandua kibanzi leo na kingine kesho haoni hasara, mpaka siku anapotaka kuni na gogo halipo. Na kama gogo lenyewe alikabidhiwa tu alitunze?

Mwaka ule serikali ya Zaire ilipokataza majina ya ubatizo ofisini, Mushagalusa aliitwa citoyen, yaani mwananchi, kazini, lakini katika shirika lao la Wakristo huko Cimpunda, mlimani Bukavu, alibaki Papa Anaclet. Gari halikuweza kupanda kule. Basi shirika lilitengeneza kipoyi, machela ya kubebea wagonjwa: miti miwili ya mkaratusi, turubai, na kamba ambazo jirani yao Yolande alizisokota kwa mikono yake. Anaclet akapewa akitunze.

Anaclet alikuwa na moyo laini kama ndizi mbivu. Wenzake wa shirika wakaanza kumwendea kuazima, na Cyprien alitangulia kuja.

"Papa Anaclet, unipatie kamba tu. Mbuzi yangu inanisumbua."

"Kamba iko ya shirika!" akadakia Georgette, mke wa Anaclet.

"Shirika iko ya Mungu, maman, na mimi niko mutoto wa Mungu."

Anaclet akacheka, akatoa. Kisha Domitille akachukua turubai kwa ajili ya matanga, na matanga yalipokwisha akabaki nalo akianikia mihogo. Jean-Marie naye akachukua mti mmoja wa kuegemezea mgomba wake uliolemewa na mkungu.

"Anaclet!" Georgette alifoka. "Unagawa vitu vya watu sawa na pombe ya arusi! Mugonjwa akikuja utamubeba na nini? Na huruma?"

"Watarudisha, maman. Wote wako bakristo."

"Na mbuzi ya Cyprien, nayo ilibatizwa?"

Asubuhi moja ya mvua, Yolande alishikwa na uchungu wa kuzaa, na mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni. Mkunga alisema apelekwe hospitali upesi. Yolande hakuwahi kuazima hata chumvi. Georgette alipovunjika mkono, ni yeye aliyemchotea maji mwezi mzima, bila kuombwa.

Gaston, mume wa Yolande, alifika akihema. "Papa, kipoyi!"

Ukutani ulikuwepo mti mmoja tu. Anaclet alihaha nyumba hadi nyumba kama mfa maji. Kamba ilikuwa imetafunwa na mbuzi. Turubai lilikuwa limechanika. Mti wa pili Jean-Marie alikuwa ameukata vipande viwili. Huku nyuma Yolande alisikika akilia.

Georgette alichukua nyundo, akaung'oa mlango wa nyumba yake.

"Huu mulango iko wetu," akamwambia mumewe. "Vya namna hii ndiyo ungegawa. Shika kule!"

Anaclet, Gaston, Cyprien na Jean-Marie walimteremsha Yolande juu ya mlango ule, katika tope, bila kupumzika. Georgette alitembea kando yao, amemfunika mgonjwa kwa kitenge chake. Mtoto alizaliwa mzima. Yolande alibaki kitandani wiki tatu, na mlango ulipasuka.

Anaclet aliziba nyumba kwa mkeka. Aliapa kutengeneza kipoyi kwanza, mlango baadaye. Siku alipofunga fundo la mwisho, Cyprien alisimama uani akikuna kichwa.

"Papa Anaclet, ile mbuzi..."

Anaclet alivua mshipi wa suruali yake, akampa. "Huu iko wangu."

Georgette alicheka mpaka akakaa chini, wakati mumewe akiishikilia suruali kwa mkono mmoja na kipoyi kwa mkono wa pili.

Mwenye huruma na atoe chake, na alichokabidhiwa akitunze. Maana hata kwa mikono ya wema, bandu bandu huisha gogo.