Nani Aliyelisemesha Banda la Mwantumu?

Nitawapa kisa, nanyi mtabaki nacho. Mimi nimekaa nacho vya kutosha na jibu sijapata. Sikilizeni vizuri, maana mwishoni nitauliza, na atakayekuwa amesinzia hatakuwa na kura.

Kilua alikuwa na jicho. Mboni, pamoja na jina lake, alikuwa na sikio. Shekue alikuwa na mkono. Wote watatu waliishi Muheza, na siku moja vipaji vyao vitatu vilikutana ndani ya banda moja la video nyuma ya soko la machungwa.

Banda lilikuwa la Mhina. Mabati pande zote, mabenchi tisa, pazia zito mlangoni ili mchana uonekane giza. Sauti ya banda ilikuwa ya mkewe, Mwantumu. Filamu zilikuja kwa lugha za mbali, naye aliketi kwenye kiti cha plastiki cha bluu kando ya skrini, kipaza sauti mkononi, akazisema kwa Kiswahili. Mwanamume alikuwa yeye, mwanamke yeye, mtoto yeye, mzimu yeye. Kila filamu ilipokwisha aliita, "Kaka!" Mhina, aliyekaa nyuma penye swichi, aliitikia, "Naam," akawasha taa. Watu walimcheka kwa kumwita mumewe kaka. Alianza kumwita hivyo alipokuwa mfanyakazi wake tu, akasema baada ya ndoa kwamba hana muda wa kujifunza jina jingine.

Alizipenda sinema za kutisha za Thailand kuliko zote, na ndizo alizozigombeza kuliko zote.

Mwantumu alifariki mwezi wa Machi. Mhina akafanya yote yanayopaswa kufanywa, kisha akafunga banda. Tangu hapo alisema yale tu yasiyowezekana kusemwa kwa kutikisa kichwa. Asubuhi alichemsha maji ya vikombe viwili vya chai, akakumbuka, akamwaga nusu. Kesho yake akachemsha vilevile.

Mwezi wa Agosti, mfanyabiashara wa mahindi akaliomba banda liwe ghala lake. Mhina akakubali kumpa funguo Jumatatu, wiki mbili baadaye. Ndipo wale watatu walipomwendea.

"Bwana Mhina," akaanza Kilua, "tumekuja kuomba Jumamosi moja."

"Ya nini?"

"Filamu moja tu. Baada ya hapo huyo wa mahindi na aingize magunia yake, na panya wake."

Mhina hakucheka. Alitazama kiti cha bluu, ambacho hakuna mtu aliyekisogeza tangu Machi.

"Banda limekuwa bubu," akasema. "Likisema tena, silitoi. Na atakayelisemesha atakaa pale. Lisiposema, Jumatatu ile natoa funguo, na jambo hili tusilirudie."

Kwa miezi mitano hakuwa amesema maneno mengi kiasi hicho kwa pamoja. Wakaenda kabla hajaghairi.

Kilua ndiye aliyeanza. Alikuwa fundi redio na muuza diski, mtu wa miaka hamsini mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alimwaga diski zake sakafuni: arobaini na moja, za kutisha, za Thailand tupu. Akazitazama zote kwa siku sita. Shekue, mdogo wake Mwantumu, alipomuuliza kwa nini asichukue za kupigana, ambazo kila mtu anazielewa, alijibu bila kuondoa macho kwenye skrini.

"Za kupigana mtu anatoka alivyoingia. Hawa Wathai, Shekue, wanajua kungoja. Mlango mmoja wanaweza kuufungua dakika nzima. Halafu mzimu wao hatoki shimoni kutisha watu tu. Ana jina, ana mume, ana sufuria yake jikoni. Unamwogopa na unamwonea huruma, vyote kwa mara moja."

"Dada alikuwa akisema hivyo."

"Na mimi nilikuwa nikimsikia. Unadhani nilikuwa nakuja kununua karanga?"

Thelathini na tisa alizitupa kando kwa sababu, alisema, ni nywele ndefu zile zile zikining'inia kwenye dari ile ile. Ya arobaini ilikuwa nzuri lakini ilimhusu mtoto. Ya mwisho ndiyo aliyoishika. Ilikuwa habari ya mwanamume wa mashamba ya chumvi aliyemzika mkewe. Kila jioni anafunga mlango. Kila asubuhi anakuta nyayo za maji juu ya chumvi nyeupe, zimekuja hadi kizingitini, zikarudi. Mwanamke hagongi. Mpaka karibu na mwisho, anaposimama nje na kuita mara moja.

Kisha ikaja zamu ya Shekue. Huyu alikuwa mtu wa kompyuta, mkimya, aliyezoea kukata video za harusi. Alitazama filamu ile mara moja, akaona ubora wake wote, akaona na maradhi yake.

"Wanaiogopa hofu yao wenyewe," alimwambia Kilua. "Tazama. Mtu ameanza kusisimka, wanamletea mjomba mnene anaanguka kutoka darini na beseni kichwani. Mtu amenyamaza, wanampiga kwa sauti kama bati limedondoka. Na mwisho hauishi. Wamemaliza, anakuja mtawa anaeleza dakika kumi na moja kwa nini tuliogopa."

"Sasa?"

"Dada alikuwa na kanuni moja. Mzimu akinyamaza, msemaji anyamaze. Nitaikata filamu iifuate."

Alikaa nayo siku mbili. Akamtoa mjomba na beseni lake. Akamtoa mtawa. Mara tu baada ya mwanamke kuita pale mlangoni, palikuwa na ukelele wa kupasua masikio. Shekue akaufuta, akaacha picha ya mlango na upepo tu, sekunde ishirini.

Mboni alikuwa wa mwisho. Alihamia Muheza mwezi wa Juni, Mwantumu hakumjua. Kabla ya hapo alikuwa mpishi kwenye machimbo ya yakuti huko Umba, miaka minne, akiwapikia wanunuzi kutoka Thailand. Kithai chake kilikuwa cha jikoni, lakini alikipata kwa masikio, na masikio yake hayakusahau.

Kilua alikuwa ameandika maneno ya Kiswahili kwenye karatasi ili Mboni asome. Neno moja la Kithai kila msemaji wa filamu nchini analijua, na Kilua alilijua: "pii". Mzimu. Hivyo pale mwanamke anapoita mlangoni, "Pii!", Kilua aliandika: *Mzimu!*

"Mzimu amwite nani mzimu?" Mboni aliuliza.

"Labda kuna mwingine nyuma yake. Hawa hawaishiwi."

Mboni akacheka, halafu akaacha kucheka. "Neno hili lina hatari, mzee. Wiki mbili za kwanza Umba nilimwita tajiri wangu hivyo kila nikipeleka chai. Mkewe alikuwa akimwita, nami nikaiga. Siku moja akaweka kikombe chini, akaniambia taratibu: dada, mimi bado sijafa."

"Sasa ni mzimu au si mzimu?"

"Inategemea sauti inakwenda wapi. Spika yako mbovu, sisikii. Nitasikia Jumamosi."

Jumamosi saa tisa alasiri mabenchi yote tisa yalijaa. Walikuja wauza machungwa na vikapu vyao. Mama Semboja, aliyewahi kugombana na Mwantumu kwa sababu ya kutishwa mno, alikaa mbele kabisa. Mhina alikaa nyuma, penye swichi. Mboni alishika kipaza sauti, lakini alisimama. Kiti cha bluu kilibaki kitupu kando yake.

Filamu ikaenda. Nyayo zikaja juu ya chumvi, zikarudi. Mtu wa kwanza kuacha kutafuna alikuwa Mama Semboja. Hakuna beseni lililoanguka. Mwanamume wa kwenye skrini alifunga mlango, akakaa chini, akaegemeza mgongo kwenye mbao. Nje yake mkewe alisimama, maji yakimchuruzika, akafungua kinywa.

"Pii."

Mboni alitazama karatasi. Iliandikwa *Mzimu!* Lakini sikio lake lilikuwa limeshasikia. Neno la mzimu hupanda mwishoni, kama mtu anayeuliza. Hili lilishuka, kama mtu anayetua ndoo chini baada ya safari. Lilikuwa neno la ndugu mkubwa, lile ambalo mke wa yule tajiri wa Umba alimwitia mumewe aliyemzidi umri. Mboni akaiacha karatasi, akashusha sauti yake vilevile, akasema kwenye kipaza sauti:

"Kaka."

Ukaja ule upepo. Sekunde tatu, nne.

Kutoka nyuma ya banda, wazi, kwa sauti ya mtu aliyeitwa nyumbani kwake, Mhina akasema, "Naam."

Na mkono wake ukawasha taa.

Watu wote wakageuka. Mhina alikuwa amesimama, kidole kikiwa bado juu ya swichi, machozi yakimtoka kama mtu asiyejua kwamba yanamtoka. Hakuna aliyecheka. Kwenye skrini mlango ulikuwa bado umefungwa.

Mama Semboja ndiye aliyezungumza. "Haijaisha, baba," alisema kwa upole. "Zima taa."

Mhina akazima taa. Filamu ikaendelea mpaka mwisho, bila mtawa, na watu wakatoka wakitembea polepole.

Jumatatu, mtu wa mahindi alikuja akarudi mikono mitupu. Jioni hiyo Mhina aliwaita watatu. Alikuwa amechoka, lakini uchovu wake sasa ulikuwa wa mtu aliyefanya kazi.

"Banda limesema," akasema. "Nitatimiza. Ila nataka kujua. Kilua, ulijua?"

"Nilijua," Kilua akajibu. "Sitakudanganya. Nilimwona yule mwanamume anayefunga mlango kila jioni, nikasema, huyu namfahamu, anakaa nyuma ya soko. Nilitaka ikuume. Katika diski arobaini na moja, ni moja tu ingekuuma pale panapotakiwa."

"Mboni?"

"Mimi sikujua lolote, Bwana Mhina. Sikujua kama marehemu alikuwa akikuita hivyo. Nilisikia sauti inashuka, nikaifuata. Ningekuwa najua, huenda ningeogopa kulisema."

"Shemeji?"

Shekue alitikisa kichwa. "Neno sikulijua. Nilijua tu dada asingetaka makelele pale. Nikaacha nafasi. Aliyeingia kwenye nafasi ni wewe."

Kilua akamgeukia Mboni. "Unaona? Bila jicho langu ungekuwa unasoma nini? Majina ya wapishi mwishoni mwa filamu?"

"Karatasi yako iliandika mzimu, mzee. Ningekutii, Bwana Mhina angekuwa anapima magunia sasa hivi."

"Nilikosea neno. Sikukosea mlango."

"Na wewe Shekue," Mboni akaendelea, "kazi yako ni kutoa. Mtu anayetoa vitu naye apewe kiti?"

"Mwacheni yule mjomba arudi," Shekue akasema. "Bwana Mhina aitikie, 'Naam', kisha mumsikilize akijibiwa na beseni."

Hata Mhina alicheka hapo, kidogo, akaziba mdomo kama aliyejikwaa.

Habari ikafika sokoni, na soko likagawanyika. Kuna waliosema kiti ni cha Kilua, maana yeye peke yake alikusudia, na kazi bila nia ni bahati. Wengine walimtaka Mboni: neno ndilo lililomwinua Mhina, na kiti kile ni cha maneno, si cha diski. Wapo waliosema Shekue, kwa kuwa watu wengi wanajua kusema, lakini wachache wanajua pa kunyamazia, na marehemu alikuwa mmoja wao. Tena Mama Semboja, akimenya chungwa, aliuliza: "Mlitaka banda liseme. Nani alisema 'Naam'?"

Mhina alisikia yote hayo, akarudi nyumbani, akachemsha maji ya kikombe kimoja.

Sasa ni Jumamosi nyingine, saa tisa kasoro robo. Mabenchi yamejaa. Kilua yuko mlangoni na diski mpya kwapani. Shekue yuko penye kompyuta, hatazami mtu. Mboni ameshika kipaza sauti, bado amesimama. Mhina yuko nyuma ya kiti cha bluu. Amekipangusa vumbi, ameweka mikono miwili juu ya mgongo wake, na watu wanangoja aseme jina.

Mimi ningekuwa Mhina ningezima taa tu, nikaanza filamu. Lakini hilo si jibu, na nimeshawaambia sina. Ninyi mmesikia kila kitu, na hamjachoka kama mimi. Kiti ni kimoja. Je, mngemsogezea nani akae?