Msafara wa Makombo ya Sultani

Hapo zamani, enzi zile masultani walipokuwa wengi kuliko mafagio, palikuwa na Sultani mmoja jina lake Harithi, akitawala mji wa Ngomeyani. Hakuwa mkatili, la. Kosa lake lilikuwa kwamba aliamini heshima ya mkubwa huonekana katika kile anachobakisha. Basi jikoni mwake kila siku hupikwa chakula cha kutosha harusi, na walaji ni yeye na Waziri wake, na Waziri mwenyewe ana maradhi ya tumbo. Sinia likirudi tupu, mpishi huchapwa. "Sinia lisilobaki kitu ni sinia la maskini," husema Sultani, kisha hujifuta mdomo.

Masalio yale, pilau na mikate na nyama, hayakupewa mtu, maana Waziri alisema chakula cha Sultani hakifai kinywa cha mnyonge. Yalichanganywa na maganda, vifuu na machicha ya nazi, yakapakiwa juu ya punda, yakatolewa kwa mlango wa nyuma na kumwagwa Bondeni, mtaa wa watu wasio na kitu. Nami hushangaa mpaka leo: pilau ile ile iliyokuwa haramu kwa maskini ikiwa ya moto, ikawa halali kumwagiwa mlangoni ikishaoza. Jaa likapanda likakaribia mdomo wa kisima chao cha pekee, watoto wakashikwa na tumbo la kuhara, na nzi wakanenepa.

Katika mtaa huo aliishi Mbaruku, ambaye watu walimwita Kiraka, kwa kuwa kanzu yake ilikuwa na viraka vingi hata mwenyewe hakukumbuka kanzu ya asili ilikuwa ya rangi gani. Walimdhani punguani. Basi kisima kilipokuwa karibu kufukiwa, wenye akili wa Bondeni wakaogopa kwenda kulalamika, wakamtuma punguani.

Mbaruku akafika barazani, akapiga magoti, akasema, "Maulana, neema yako imetufika shingoni. Twaomba utupunguzie."

Baraza zima likacheka, na Sultani, aliyekuwa hajazoea kuchekwa, akaghadhibika.

"Ewe Kiraka! Ijumaa nitapata mgeni, Sultani wa nchi jirani, naye atapita Bondeni. Kwa kuwa wewe ndiwe uliyelalamika, wewe ndiwe utakayesafisha. Siku hiyo nisione pale hata ganda moja. Lakini usizitupe taka baharini, bahari ni yangu. Usizichome, moshi hunijia dirishani. Wala usizifukie, ardhi ni yangu. Ukishindwa, nitazibomoa nyumba zote za Bondeni, na watu wake waende watakakojua."

"Lebeka, Maulana. Ila mimi mjinga, na mjinga huuliza. Bahari ni yako, ardhi ni yako. Je, taka zenyewe ni za nani?"

"Ebo! Ni zangu! Katika mji huu kipo kitu kisicho changu?"

"Hakipo, Maulana. Nimesikia, na baraza limesikia."

Aliporudi nyumbani, mkewe, Mwanakheri, alikuwa ameshazipata habari, naye analia. "Mume wangu, umetumaliza! Tutakwenda wapi na wazee hawa na watoto wagonjwa?"

"Nyamaza, mke wangu. Niazime ile leso yako ya sikukuu."

"Ya nini tena?"

"Ya kumfunika pilau."

Mwanakheri akalia zaidi, maana sasa aliamini yale ambayo watu walikuwa wakisema juu ya mumewe.

Hapa yafaa ujue kwamba Ngomeyani palikuwa na sheria moja, aliyoitunga Waziri siku muuza samaki mmoja alipopiga chafya mbele ya kilemba cha Sultani kilichokuwa kikipelekwa kwa dobi. Sheria yasema hivi: kitu cha Sultani kikipita njiani, kitangulizwe na baragumu, na kila mtu, mkubwa kwa mdogo, avue viatu, asimame wima na kunyamaza kimya mpaka kipite. Atakayekaa au kujishughulisha na kazi, viboko. Sheria nzuri sana, na Waziri alijivunia. Ila sheria ni msumeno.

Ijumaa kulipopambazuka, watu wa Bondeni wakazoa jaa lote wakalitia katika mapakacha, wengine wakabeba kichwani, mengine wakawapakia punda. Pakacha la mbele likafunikwa leso ya Mwanakheri na kushikiwa mwavuli. Mpiga baragumu wa Sultani alipoambiwa ni mali ya Bwana wake inapita, akauliza kama ni kweli. Wote waliokuwa barazani siku ile wakaapa kwamba Sultani alisema ni zake. Akapuliza. Msafara ukapanda mjini pole pole, ukaanza kulizunguka jumba la Sultani, hata kichwa chake kikaukuta mkia. Na msafara usio na mkia, wapita lini?

Basi mji ukasimama. Kinyozi akasimama na wembe mkononi, na mteja wake kichwa kimenyolewa nusu. Mikate ikaungua tanurini, mwokaji akiitazama kwa machozi. Waziri, aliyekuwa akikimbilia chooni, akasimama mlangoni, mguu mmoja ndani mmoja nje, na hali ya tumbo lake aijua Mungu. Huko jikoni wapishi wakashusha miiko, wakasimama wima, moto ukazimika.

Sultani akangoja chakula hata njaa ikamwuma, jambo ambalo hakuwahi kuliona. Akaita, hakuitikiwa. Akatoka nje kwa hasira, na hapo hapo akamkuta mgeni wake amefika, amesimama peku juani miongoni mwa watu walioinamisha vichwa. Akaona haya kubaki na viatu hali mgeni wake amevua, naye akavua.

Mgeni akamsogelea, akamnong'oneza kwa huzuni, "Pole sana, ndugu yangu. Ni nani aliyefariki?"

Sultani hakujua. Akamwona Mbaruku kando ya pakacha la mbele, akamwita, "Mjibu mgeni!"

"Ni pilau ya Jumatano, Bwana," akasema Mbaruku. "Ilitoka jikoni ikiwa na afya njema, ikakosa mlaji."

Upepo ukavuma, leso ikafunuka, na mgeni akashika pua.

"Ondoa uchafu huu!" Sultani akafoka.

"Niupeleke wapi, Maulana? Baharini umekataza, motoni umekataza, ardhini umekataza. Bondeni halipo hata ganda moja. Sikutupa, sikuchoma, sikufukia. Mali yako yatembea tu, nasi twaiheshimu."

Waziri, jasho likimtoka, akasahau sheria yake mwenyewe, akapaza sauti, "Maulana, sema taka si zako!"

"Akisema si zake," akajibu Mbaruku, "basi tutazirudisha kwa mwenyewe. Punda hawa waujua mlango zilikotoka."

Mgeni akacheka hata akashika nguzo. Sultani akatazama chini, akaiona miguu yake imesimama peku mbele ya wali uliooza, akaona aibu, aibu ya kweli. Kisha naye kicheko kikamshinda.

"Haya, Kiraka. Nifanyeje?"

"Pika cha kuliwa, Maulana. Kikibaki, kitoke kwa mlango wa mbele kingali moto. Watu wa Bondeni wana vinywa. Maganda wapewe mbuzi. Na hivi vilivyooza vipelekwe shambani kwako, chini ya migomba. Migomba haina kiburi."

Ikawa hivyo. Punda wakaelekezwa shambani, mji ukakaa kitako, na Waziri akakimbia. Nyumba za Bondeni hazikuguswa, na kisima kikachimbwa upya kwa gharama ya Sultani. Mbaruku akapewa kanzu mpya na kuambiwa ataandaliwa karamu ya masinia mengi.

"Sahani moja, Maulana," akasema. "Nikiimaliza nitaomba nyingine."

Na wapishi wa jumba lile walihadithia kwamba tangu siku hiyo Sultani alikuwa akiimaliza sahani yake mwenyewe, na ukoko akiukwangua, akichelea asije akausimamia juani.