Babu Mndolwa na Gugu Lililokatwa Likazidi

Paukwa!

Pakawa!

Pakawa jembe lenye makali, likafyeka vichwa, likaacha miguu. Mpo?

Tupo!

Basi tegeni masikio, maana neno lisilopata sikio ni mbegu iliyoanguka juu ya mwamba.

Hapo zamani za kale, milima ilipokuwa bado ikiitana kwa majina, palikuwa na kijiji mteremkoni. Humo aliishi mjane aitwaye Mkunde. Mume wake alikuwa amelala mavumbini, naye alimwachia watoto wawili na shamba moja la maharage. Shamba hilo ndilo lililokuwa chungu chao, nguo yao na paa lao.

Kijiji kile kilikuwa na sheria. Kila msimu, maharage yakianza kutia maua, wazee wa ukoo walipita mashambani wakiongozwa na mkuu wao, Mzee Shembilu. Walisimama mpakani wakatazama. Wakiuona udongo kati ya mistari, walisema, "Liko macho," wakapita. Wasipouona, walisema neno moja tu: "Limelala." Na shamba lililolala lilitwaliwa siku ileile, likapewa ndugu mwingine awezaye kuliamsha.

Mvua za masika zikanyesha. Maharage ya Mkunde yakachipua, na pamoja nayo likachipua gugu liitwalo kongwe. Likatambaa. Likatambaa. Likatambaa. Likaishika mimea miguuni, likaifunika magotini, likaikaba shingoni. Mkunde alipalilia mpaka viganja vikachubuka, lakini alilolipalilia huku lilimcheka kule.

Majirani wakamhurumia. Kijiji kile hakikuwa na moyo wa jiwe, la hasha! Likapigwa baragumu la msaragambo, yaani kazi ya pamoja, na watu wakaja na majembe asubuhi baada ya mvua, kama ilivyokuwa desturi yao, kwa kuwa udongo uliolowa ni mwepesi kwa mlimaji. Wakaimba:

*Kata, kata, tumwokoe mjane!*
*Kata, kata, kongwe lisipone!*

Chwa! Chwa! Chwa! Majembe yakapanda, majembe yakashuka. Kongwe likakatika vipande, vipande vikatupwa mpakani, vingine vikaachwa palepale kati ya mistari. Mkunde akawapikia makande, akawashukuru kwa machozi.

Mvua ikanyesha tena. Mkunde akaenda shambani, akashika kichwa. Kongwe lilikuwa limerudi, na halikurudi peke yake. Lilikuja na wajukuu!

Baragumu likalia tena. *Kata, kata, tumwokoe mjane!* Chwa! Chwa! Chwa! Kongwe likakatika. Mvua ikanyesha. Kongwe likazidi.

Hapo ndimi zikaanza kuwasha. Wakasema, "Hili si gugu, hili limetumwa." Wakasema, "Kongwe ni mkongwe. Wakongwe wa kale wanalidai shamba lao." Na Kaoneka, ndugu wa marehemu, ambaye shamba lake lilipakana na la Mkunde, akaja akaegemea jembe lake huku akitabasamu.

"Shemeji, shamba limekukataa," akasema. "Ungelipumzisha tu."

"Likipumzika, watoto wa kaka yako watakula nini?"

"Watakula kwangu. Au wewe unafuga kongwe ili uwapikie?"

Watu wakacheka. Mkunde hakucheka. Alitazama maharage yake na kuona vitumba vya kwanza vya maua. Siku ya wazee ilikuwa inakaribia.

Sasa, pembeni ya kijiji aliishi mzee aitwaye Babu Mndolwa. Watu walimwogopa, kwa kuwa ulimi wake ulikuwa kama wembe. Walimpenda pia, kwa kuwa mkono wake ulikuwa kama pamba. Aliamka kwa sala na alilala kwa sala. Mkunde akamkuta uani akishona kikapu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, binti yangu. Umekuja kulia au umekuja kuuliza?"

"Nimekuja kulia, babu."

"Basi lia upesi, kisha uulize. Mwenyezi Mungu hawadharau wenye machozi, lakini magugu hayafi kwa chumvi."

Mkunde akafuta uso. "Kongwe linanitoa shambani, babu. Tumelikata, tumelikata tena."

"Unalijua?"

"Nani asiyelijua kongwe?"

"Nimekuuliza kama unalijua, sikukuuliza kama umelisikia. Jina ulipewa na watu. Sura yake ikoje? Lina tabia gani?"

Kwa msimu mzima Mkunde alikuwa amepigana na adui ambaye hakuwahi kumtazama usoni.

"Twende," akasema mzee.

Wakafika shambani. Babu Mndolwa hakusimama mpakani kama wengine. Alipiga magoti matopeni, akamwashiria Mkunde naye apige magoti.

"Tazama ua lake. Ni la buluu, dogo, zuri kama mbingu baada ya mvua. Hufunguka asubuhi na kunyauka kabla ya adhuhuri. Tazama jani: ni pana, nalo limelikumbatia shina kama mshipi, na hapo linaposhikia pana vinywele vyekundu. Pitisha kidole juu ya shina. Unahisi nini?"

"Vifundo, babu. Kama vya muwa."

"Kila kifundo ni tumbo la uzazi. Sasa chimba, polepole."

Mkunde akachimba kwa kijiti. Chini ya udongo akakuta nyuzi nyeupe, na juu ya nyuzi hizo vijifuko vidogo vilivyojaa mbegu, vilivyozaliwa gizani pasipo kuliona jua.

"Subhana!" akasema. "Linazaa hata chini?"

"Ndiyo. Juu linachanua mbele za watu, chini linazaa kwa siri. Ndivyo alivyo mnafiki, na ndivyo ilivyo dhambi." Kisha mzee akachukua shina moja, akalivunja mara mbili, ta! ta! "Adui yako alikuwa mmoja. Sasa ni wangapi?"

"Watatu, babu, maana kila kipande kina kifundo."

"Na msaragambo ulikata vipande vingapi, ukaviacha juu ya udongo uliolowa?"

Mkunde aliziona tena asubuhi zile, nyimbo zile, majembe yale ya upendo yakipanda na kushuka. Majirani zake walikuwa wamempandia kongwe kwa mikono yao wenyewe, na yeye akawalipa makande!

"Basi tumekwisha," akanong'ona.

Babu Mndolwa akamkazia macho. "Nyamaza! Usiseme mwisho mahali ambapo Muumba hajasema. Aliyekuonyesha ugonjwa hawezi kukunyima dawa. Inuka."

Jioni ile ile mzee akasimama mbele ya watu waliokusanyika uwanjani, Mzee Shembilu akiwa katikati yao.

"Enyi wenye majembe!" akaita. "Mioyo yenu ni safi, lakini mikono yenu imeangamiza. Ole wa msaada usio na maarifa! Gugu hili halikutumwa na wakongwe. Mmemzika mjane huyu mkiwa mnaimba."

Manung'uniko yakapanda kama nyuki. Kaoneka akapaza sauti, "Babu, umeanza kuzeeka! Kukata gugu ndiko kulipanda?"

Mzee hakubishana. Alimpa Mzee Shembilu vipande viwili vya kongwe. "Mkuu, kimoja kitie kwenye kigae chenye udongo wa mvua. Kingine kiweke juu ya mwamba ule ulio kando ya uwanja, juani. Kaa navyo wewe mwenyewe, asije mtu akasema Mndolwa ni mchawi."

Zikapita siku chache. Mzee Shembilu akatoka na kigae mkononi, akakiinua mbele ya wote. Kipande kilichotiwa udongoni kilikuwa kimetoa mizizi na jani jipya. Kile cha mwambani kilikuwa kimekauka, ukikigusa kinavunjika kacha!

Mkuu yule akatikisa kichwa. "Nimelima tangu utoto," akasema, "na kumbe nimekuwa mkunga wa kongwe." Watu wakacheka, na katika kicheko kile kiburi kikalegea. "Sema, Mndolwa. Tufanye nini?"

"Msubiri jua," akasema Babu Mndolwa. "Msiguse shamba siku ya mvua wala kesho yake. Jua likiwaka, njooni bila majembe. Njooni na vijiti vya kuchimbia na vikapu."

"Msaragambo bila jembe!" akapiga kelele Kaoneka. "Tunakwenda kupalilia au kuchuma mboga? Mimi simo."

"Usiwemo," akajibu mzee. "Lakini Kaoneka, mwanangu, vile vipande vilivyotupwa mpakani viliangukia upande gani? Kaangalie shamba lako."

Kaoneka akabeba jembe lake begani, akaenda zake.

Jua likawaka. Udongo ukakauka juu. Watu wakaja na vikapu, wengine wakiona haya kama wanaume waliotumwa dukani kununua pini. Babu Mndolwa akapiga magoti wa kwanza. Mkunde akapiga magoti wa pili. Mstari mzima ukashuka, na wimbo mpya ukapanda:

*Ng'oa, ng'oa, usilivunje mgongo!*
*Ng'oa, ng'oa, mzizi utoke udongo!*

Nyooo! Likatoka shina na mizizi yake. Wakakung'uta udongo, pu! pu! Wakatia kikapuni. Nyooo! Pu! Kikapuni. Hakuna kipande kilichoachwa chini, hata cha urefu wa ukucha. Vikapu vilivyojaa vilipelekwa mwambani, kongwe likatandazwa juani likakauka, kisha likachomwa moto. Mwisho Mkunde akafunika nafasi kati ya mistari kwa majani makavu ya migomba, ili mbegu zilizosalia chini zisipate mwanga kwa urahisi.

"Zitachipua hata hivyo," mzee akamwonya. "Usijidanganye. Pita kila mara, uling'oe likiwa changa, kabla halijatia ua. Uovu mdogo hung'olewa kwa vidole viwili. Ukikua, huitisha kijiji."

Mkunde akapita asubuhi, akapita alasiri. Kila jani pana lenye vinywele vyekundu alilijua sasa kama mtu anavyomjua mwizi aliyemwibia. Nyooo! Pu! Kikapuni. Maharage yakapumua. Yakanyooka. Yakachanua.

Ikafika siku ya wazee. Wakasimama kwenye mpaka wa Mkunde. Mzee Shembilu akainama, akasogeza majani ya mgomba kwa fimbo. Udongo ulikuwa pale, mweusi, safi, kama uso wa mtoto aliyeoshwa. Yule mkuu akachukua konzi moja ya udongo, akaiinua juu.

"Liko macho!" akanguruma. "Liko macho kuliko langu!"

Vigelegele! Watoto wa Mkunde wakarukaruka. Wanawake wakamfunika kwa khanga zao. Mkunde akaangalia mbinguni, machozi yakamtoka, na safari hii hayakuwa na chumvi ya uchungu.

Wazee wakasogea shamba la pili, la Kaoneka. Pale hapakuonekana maharage wala udongo. Palikuwa na maua ya buluu tu. Na Kaoneka alikuwa amesimama katikati, jembe mkononi, jasho likimtiririka, vipande vya kongwe vimetapakaa miguuni pake.

"Limelala," akasema Mzee Shembilu kwa huzuni. Kisha akageuka. "Mkunde, wewe ndiwe ndugu wa karibu mwenye shamba lililo macho. Kwa sheria yetu, hili ni lako. Utalitwaa?"

Kaoneka akainamisha kichwa. Babu Mndolwa alimtazama Mkunde.

Mkunde akakumbuka kicheko kile na jina la mfuga kongwe. Akamtazama mtu yule aliyepigana na adui asiyemjua, akajiona mwenyewe. Akavuka mpaka na kikapu chake.

"Sitalitwaa, wazee wangu. Naomba mtupe muda mpaka mvua ijayo ipite." Kisha akamgeukia Kaoneka. "Shemeji, acha jembe. Lete magoti."

Jembe likaanguka, pa! Kaoneka akapiga magoti. Ndipo Babu Mndolwa, yule ambaye hakuna aliyewahi kuyaona meno yake, akacheka mpaka akapangusa macho. Akainua mikono, akasema, "Ahimidiwe Mola! Leo yameamka mashamba mawili."

Nanyi mnaonisikiliza, shikeni neno hili: usimsaidie mwenzio kabla hujaijua taabu yake usoni na mzizini, maana msaada wa upofu huipanda taabu upya. Na yeyote aliyefundishwa kung'oa, asimwache jirani yake akikata.

Hadithi yangu imeishia hapo, na aliyeisikia, akapige magoti kwanza katika shamba lake.