Mto Nyakwezi Ulipohama

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu na moto, maana leo sauti yangu haifiki mbali, na kisa chenyewe kinachosha.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanasema na watu, palikuwa na nchi mbili, Ulembe na Usanzi. Katikati ulipita Mto Nyakwezi, nao ndio uliokuwa mpaka. Ugomvi haukuwapo.

Alikuwako mwanamke mmoja, Nyamizi, mzaliwa wa Ulembe, aliyeolewa Usanzi. Mumewe alifariki, akamwachia mwana mmoja, Kasubi. Kwao Ulembe alibaki kaka yake, Lugembe, ambaye kila mavuno alivuka mto na kikapu cha viazi kumletea dada yake.

Basi mwaka mmoja ikanyesha mvua, ikanyesha, ikanyesha. Mto ukaacha njia yake, ukachimba nyingine ndani ya Usanzi. Kati ya njia mbili hizo pakabaki bonde la udongo mweusi, mzuri sana kwa mpunga.

Mfalme wa Ulembe akasema, "Mpaka ni mto. Bonde ni letu."

Mfalme wa Usanzi akasema, "Mpaka ni pale mto ulipokuwa. Bonde ni letu."

Wakamwendea Kiboko. "Kiboko, mpaka uko wapi?"

"Mimi nafuata maji."

"Kiboko, mpaka uko wapi?"

"Mimi nafuata maji."

"Kiboko, mpaka uko wapi?"

"Mmeoana miaka yote hiyo, nani aliniuliza mpaka? Niacheni nilale." Akazama.

Wakashika mikuki. Usanzi ikamwita Kasubi, Ulembe ikamwita Lugembe.

Nyamizi akamwuliza mwanawe, "Ukimwona mjomba wako huko?"

"Nitageuza uso, mama."

"Na yeye akikuona?"

Kasubi akafunga viatu, akaenda.

Wakapigana mwaka wa kwanza. Wakapigana mwaka wa pili. Wakapigana mwaka wa tatu. Bondeni haukupandwa mpunga hata punje. Kasubi akafia humo, Lugembe akafia humo. Wa kuwabeba hakuwapo, basi Nyamizi akawazika palepale, karibu karibu.

Mwishowe wafalme wakachoka. Wakakubaliana kuligawa bonde nusu kwa nusu. Wapimaji wakaja na kamba, na kamba ikapita katikati ya makaburi yale mawili.

"Baba zangu," Nyamizi akasema, "isogezeni kidogo. Hatua tatu tu."

Mkubwa wa wapimaji alikuwa mtu mpole, macho mekundu kwa kukosa usingizi. "Mama, tukisogeza hatua tatu, wataanza tena."

Nyamizi akaitazama kamba. "Basi iacheni."

Kaburi la mwanawe likawa Usanzi, akalipalilia apendavyo. La kaka yake likawa Ulembe, na alipotaka kulipalilia, askari wa huko akamzuia.

"Mama, unakwenda wapi?"

"Kwa kaka yangu."

"Umetoka nchi gani?"

Siku ya kwanza akaeleza, akarudishwa. Siku ya pili akaeleza, akarudishwa. Siku ya tatu hakueleza. Aliketi chini, jembe mapajani.

"Mwanangu, nimezaliwa huko nyuma yako. Leo sina nguvu ya kusema."

Askari akatazama kushoto, akatazama kulia. Akaweka mkuki chini, akanyoosha mkono juu ya mpaka.

"Nipe jembe, mama."

Akaanza kupalilia. Nyamizi akamwelekeza akiwa ameketi upande wake: "Hapo kichwani, baba, taratibu."

Kisa changu kimekomea hapo. Mwenye nguvu na aongeze kuni. Mimi nanyoosha miguu.