Kiroboto Aliyepiga Hodi Dukani kwa Fisi

Enyi mliojibanza kibarazani kwangu!

"Tupo, Shangazi!"

Masikio mmekuja nayo?

"Mawili mawili!"

Na midomo?

"Tumeifunga!"

Waongo wakubwa. Wewe wa mwisho bado unatafuna muwa, nakuona. Haya, ingieni humu dukani mwangu mvua isiwaloweshe. Kaeni popote, ila lile gunia la dengu la pale kona msilikalie. Lina mwenyewe. Sasa niwape kisa, au niwape mchele mnichambulie?

"Kisa!"

Kije vipi?

"Kije kwa miguu yake!"

Basi kile kinakuja, mpisheni.

Kulikuwa na bibi mmoja, jina lake Bibi Nyamizi. Macho yake yalikuwa yamezimika, yote mawili. Asubuhi giza, mchana giza. Lakini hakuwa akijikwaa, maana alikuwa na mbwa wake, na mbwa huyo ndiye alikuwa macho yake. Mbwa akifika kwenye shimo, anasimama, na Bibi anasimama. Mbwa akikata kona, na Bibi anakata kona. Kati yao kulikuwa na kipande cha kanga kuukuu, ncha moja shingoni kwa mbwa, ncha nyingine mkononi mwa Bibi.

Mbwa yule aliitwa Watachoka. Zamani majirani walimsema sana Bibi kwa kulala na mbwa nyumba moja. Bibi akaona asijibizane na mtu, akampa mbwa jina hilo. Jioni akimwita, "Watachoka! Watachoka, njoo ule!" mtaa mzima unasikia. Na kweli, wakachoka.

Wakishakula, Bibi alikuwa akimlaza Watachoka mapajani, anampapasa manyoya taratibu, anamtafuta viroboto kwa ncha za vidole. Akimpata mmoja, anamweka kati ya kucha mbili: ta! Akimpata mwingine: ta! Viroboto wote wakaisha, akabaki mmoja tu, mdogo kuliko mbegu ya mchicha, amejificha nyuma ya sikio la kushoto. Huyo Kiroboto ndiye mwenye kisa.

Sasa, kijijini pale duka lilikuwa moja tu, na duka lenyewe lilikuwa la Fisi.

"Ala!"

Ndiyo, la Fisi. Bwana Fisi alikuwa na shingo nene, meno marefu na tumbo lisilojua kutosheka. Chini ya meza yake alikuwa na makopo mawili ya kupimia unga. Kopo la kwanza lilikuwa zima. Kopo la pili alikuwa amelisokomeza matambara chini, ukijaza unga linajaa upesi. Wenye macho aliwapimia kwa kopo la kwanza. Bibi Nyamizi alimpimia kwa lipi?

"La pili!"

Mnaona mlivyo na akili za kifisi? Lakini hakufanikiwa, maana Watachoka alikuwa akiingia dukani pamoja na Bibi. Fisi akigusa kopo la kwanza, Watachoka kimya. Fisi akigusa kopo la pili, Watachoka: ngrrrr! Naye Bibi anasema kwa upole, "Bwana Fisi, badilisha kopo." Fisi anabadilisha, huku amenuna.

Siku moja Fisi akasimama mlangoni, akatangaza: "Sikilizeni! Kuanzia leo mbwa ni marufuku dukani kwangu. Mbwa ni mchafu. Mbwa ana viroboto. Hili ni duka la vyakula!"

Wanakijiji wakatazamana. Mama Bata, ambaye miguu yake mwenyewe ilikuwa imejaa tope, akasema, "Hapo umenena, Bwana Fisi. Usafi ni usafi." Mzee Nungunungu akasema, "Mbwa dukani kwa kweli haipendezi." Hakuna aliyeuliza kwa nini marufuku imekuja leo na si jana.

Basi tangu siku hiyo Watachoka akawa anabaki nje, kwenye ngazi. Bibi anaingia peke yake, anapapasa ukuta, anapapasa magunia, anapapasa meza. Anapimiwa unga. Kwa kopo lipi?

"La pili!"

La pili. Akifika nyumbani anaupakata mfuko, anausikilizia uzito, anatikisa kichwa. Ugali ukawa mdogo. Bibi anaukata katikati, nusu kubwa anampa mbwa. "Kula, mwanangu. Mimi nimeshiba." Watachoka analamba kidogo tu, anausukuma kwa pua urudi kwa Bibi. "Kula wewe, Bibi. Nami nimeshiba." Wote wawili waongo, na matumbo yao yanaunguruma, gururu, gururu, yanasemezana gizani.

Nyuma ya sikio la kushoto, Kiroboto alikuwa anasikia yote. Yeye alijua mapema kuliko wote, maana damu ya Watachoka ilikuwa imekuwa nyepesi kama chai ya majani yaliyochemshwa jana. Lakini msidhani alihuzunikia tumbo lake tu. Alizaliwa pale nyuma ya sikio. Alikuwa amelala maisha yake yote akisikia moyo wa yule mbwa unavyodunda, ndu, ndu, ndu, na siku hizi ulikuwa unadunda polepole mno. Aliogopa.

Siku moja Bibi alipokuwa anatoka dukani akaikosa ngazi. Puu! Akaanguka, goti likachubuka, unga ukamwagika. Watachoka akalia, akamlamba goti, akamlamba mikono. Ndani Fisi akacheka, "Hi hi hiii! Bibi, tazama unapokanyaga!"

Jioni ile Bibi hakutafuta viroboto. Alikaa na kichwa cha mbwa mapajani, akimpapasa tu.

"Watachoka, mwanangu," akasema, "mimi nimekwisha, lakini wewe bado kijana. Kesho tukitoka dukani nitakupeleka kwa wachunga mbuzi, ng'ambo ya mto. Kule kuna maziwa. Utakula."

"Na wewe nani atakushika mkono?"

Bibi akainamisha kichwa. Watachoka akamwegemezea kichwa kwa nguvu. Kile kipande cha kanga kikalowa machozi, ya nani hasa, mimi sijui, walikuwa wameinamiana.

Kiroboto akajisemea, "Huyu Fisi amesema mbwa ana viroboto. Haya. Kesho atamjua kiroboto."

Asubuhi wakaenda. Watachoka akabaki kwenye ngazi. Bibi akaingia akipapasa ukuta. Ndani walikuwamo Mama Bata na Mzee Nungunungu. Fisi alikuwa amewapa mgongo, anapanga sabuni rafuni. Kiroboto akaruka, vuu! Akatua kizingitini, akaita kwa kasauti kembamba:

"Hodi!"

Sasa nyie mnajua. Mtu akisikia hodi anafanyaje? Anageuka kutazama? Hageuki. Mdomo unajibu wenyewe. Fisi naye, bila kugeuka, akaitika:

"Karibu! Karibu ndani, karibu sana, jisikie uko nyumbani!"

"Asante, nimekaribia," akasema Kiroboto. Vuu! Akatua kisogoni kwa Fisi. Ng'wa!

Fisi akajikuna, kwaru-kwaru-kwaru.

"Bwana Fisi, kulikoni?" akauliza Mama Bata.

"Joto tu."

Vuu! Kwapani. Ng'wa! Kwaru-kwaru-kwaru.

"Bwana Fisi, kulikoni?" akauliza Mzee Nungunungu.

"Upele wa joto tu."

Akainama chini ya meza, akatoa kopo la Bibi. Lipi?

"La pili!"

Akachota unga, akalijaza, akalinyanyua juu ammiminie Bibi mfukoni. Vuu! Kiroboto akaingia ndani ya sikio lake, mahali pale laini kabisa. Ng'waaa!

"Yalaaa!" Fisi akarusha kopo. Kopo likagonga ukuta, kwang'! Unga ukatimka, fuuu! Na katikati ya sakafu, mbele ya watu wote, pwata! Likaanguka bonge la matambara.

Mzee Nungunungu akaliinua kwa mwiba mmoja. "Hiki nini, Bwana Fisi? Siku hizi unga unauzwa na nguo?"

Mama Bata akaliangalia lile tambara, akamwangalia Bibi alivyokonda, akaangalia miguu yake mwenyewe. "Na mimi nilisema usafi ni usafi," akanong'ona. "Bibi, nisamehe."

Fisi hakusikia, alikuwa anajipiga kofi sikioni. "Nani yumo humu? Toka!"

"Nitokeje?" Kiroboto akasema kutoka ndani ya sikio. "Mimi ni mgeni wako. Nilipiga hodi, sikupiga?"

"Ulipiga!" wakasema Mama Bata na Mzee Nungunungu.

"Ukasema karibu ndani, hukusema?"

"Alisema!"

"Ukasema jisikie uko nyumbani, hukusema?"

"Alisema!"

"Basi mimi nikiwa nyumbani huwa nauma." Ng'wa!

Fisi akaruka juu, akarudi chini. Mgeni uliyemkaribisha mwenyewe, mbele ya mashahidi, utamfukuzaje? Utaonekana mtu gani? Fisi akaanza kubembeleza. "Mgeni wangu, ndugu yangu, kwani kwenu ni wapi? Si urudi kwenu?"

"Nataka sana kurudi. Lakini kwetu kumesimama pale nje kwenye ngazi, na umekukataza kuingia."

"Basi toka ukufuate!"

"Na jua lile? Hapana. Hapa sikioni pana kivuli, tena pana nafasi. Nafikiri nitaoa hapa hapa."

Fisi aliposikia habari ya kuoa akaona wajukuu na vitukuu wamejaa sikioni. Akapiga kelele, "We mbwa! Ingia!"

Watachoka hakusogea. "Nimekatazwa," akasema.

"Ingia, nimesema!"

"Mbwa mwenye adabu haingii mpaka akaribishwe."

Ng'wa! Fisi akatoka mpaka mlangoni, mkia katikati ya miguu, akainama. "Karibu, Bwana Watachoka. Karibu ndani."

"Leo tu?"

Ng'wa!

"Leo na kesho! Masika na kiangazi! Karibu siku zote!"

Ndipo Watachoka akaingia. Hakumtazama Fisi, wala hakutazama sukari. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwa Bibi, akakiingiza kichwa chake chini ya mkono mkavu wa Bibi. Bibi akapapasa, akagusa masikio, akagusa kile kipande cha kanga. "Umefika," akasema.

Vuu! Kiroboto akarudi nyuma ya sikio la kushoto. Moyo ulikuwa unadunda ndu-ndu-ndu-ndu, mbio mbio. Akajilaza.

Fisi akapima unga kwa kopo la kwanza. Likajaa. Watachoka akasema, ngrrr. Fisi akaongeza nyongeza. Ngrrr. Akaongeza nyingine, mpaka mfuko ukakataa kufungwa. Siku ile hakuna aliyevuka mto kwenda kwa wachunga mbuzi.

Mtasema, kwani Fisi hakujifunza? Alijifunza! Akaapa kwamba hataitika tena hodi ya mtu yeyote. Mama Bata akaja, "Hodi!" Fisi kimya. "Hodi hapa!" Fisi kimya, amekaza macho kizingitini. Mama Bata akasema, "Kumbe siku hizi hatutakiwi," akaondoka zake. Mzee Nungunungu akaja, "Hodi!" Kimya. Akasusa naye. Buibui wakaanza kufuma kwenye rafu. Mwisho Fisi mwenyewe akasimama mlangoni anapaza sauti, "Karibuni! Karibuni nyote, wenye miguu miwili, wenye miguu minne!" Akajikuna. "Na wenye miguu sita."

Jioni Bibi akamlaza Watachoka mapajani, ugali ukiwa umeliwa na ukabaki. Vidole vikapita shingoni, vikapita kichwani, vikafika nyuma ya sikio la kushoto. Vikasimama. Kiroboto akajikuta kati ya kucha mbili. Akafumba macho. Hakuwa na hila yoyote iliyobaki.

"Ni wewe uliyepiga hodi?" Bibi akauliza.

"Ni mimi, Bibi. Shikamoo."

 Bibi akazifungua kucha taratibu, akamrudisha pale pale nyuma ya sikio, akamfunika na manyoya.

"Marahaba, mjukuu wangu," akasema. "Ila uma polepole."

Kisa changu kimefika kwao, kimevua viatu. Nani ataniambia fundisho lake?

"Mbwa waruhusiwe dukani!"

Hata! Mlikuwa mnasikiliza kwa magoti? Fundisho ni kwamba mbwa hafai dukani kabisa. Ana viroboto, na viroboto wana maneno mengi. Wenye maduka wote washike msimamo, kama mimi. Hapa kwangu mbwa marufuku.

"Na yule anayekoroma juu ya gunia la dengu, Shangazi?"

Yule? Yule si mbwa. Yule ni wa hapa. Na punguzeni sauti, usiku kucha alikuwa mlangoni kwangu ananilinda, amechoka. Haya, mvua imekatika, nendeni kwenu. Mlango nimeushindika, atakayetaka kisa kingine apige hodi.

"Hodi, Shangazi!"

Karibu! Karibu ndani, jisikie... Loo! Watoto nyie, mmenipata.