Mama Mkwe Aliyekataa Kutaja Jina

Wapendwa, kaeni vizuri, na huyo anayechungulia simu aiweke mfukoni. Leo nina kisa cha mkwe wa watu.

Dada mmoja, tumwite Debora, aliolewa mbali na kwao, kwa watu ambao mila zao hakuzijua. Miezi ya kwanza aliishi kwa mama mkwe. Hata miaka mingi baadaye, akisikia harufu ya karanga zinazokaangwa, moyo ulimrudisha kwenye jiko la yule mama: moshi unawatoa machozi, yeye ameketi mkekani anasukwa nywele, wanacheka mpaka chakula kinaungua. Jamani, siku zile zilikuwa tamu!

Lakini kulikuwa na mwiba. Mama mkwe hakuwahi kumwita kwa jina. "Wewe, hebu njoo." "Mwambieni huyo bibi harusi chakula tayari." Wake wengine wa pale nyumbani waliitwa majina yao vizuri kabisa. Debora akajiambia, "Huyu mama hanipendi. Hata jina langu linamchefua." Je, aliuliza? Thubutu! Mumewe akimwambia mbona umenuna, anajibu, "Hakuna kitu." Wanaume, hiyo "hakuna kitu" si mnaijua?

Wakahamia mjini. Mama akituma karanga, Debora anasema, "Anamtumia mwanawe." Wakialikwa sikukuu, hakosi udhuru. Watoto wakakua hawamjui bibi yao. Na yeye mwenyewe, ajabu, alilikumbuka lile jiko na kulitamani kila siku.

Kisha mama akafariki. Matangani Debora akamwambia wifi yake kwa uchungu, "Mama ameondoka hajawahi kutamka jina langu."

Wifi akashika mdomo. "Kwani mumeo hakukuambia? Debora lilikuwa jina la bibi yetu, mama mkwe wake mama. Kwetu jina la mkwe halitajwi, hata kama amelibeba mtoto. Ni heshima. Kila tukija alikuwa anatuuliza, 'Mwenye jina la mama hajambo? Mbona haji kuniona?'"

Debora akaangua kilio, akalia kuliko hata wenye msiba.

Ndugu zangu, mama yule alikosa nini? Sikio la Debora lilisikia sawasawa: hakuitwa jina. Ila maana aliitia yeye mwenyewe, akaiamini, kisha hata karanga za watu akazipima kwa maana hiyo hiyo. Na sisi je? Mtu hakutusalimia, basi ametudharau. Mchungaji hakuja kwangu, basi ananichukia. Kesi tumeikata zamani, na shahidi ni mawazo yetu wenyewe!

Yuko mtu uliyemfungia moyo kwa jambo ulilolitafsiri peke yako. Kama bado anapumua, ukitoka hapa nenda kamuulize. Mama yule alikuwa na jibu miaka yote ile. Hakuna aliyekwenda kumuuliza.