Kwa Nini Chachu ya Azrufa Haiombwi

Sogeeni karibu na tanuri. Donge halijaumuka bado, kwa hiyo tuna nafasi ya kusema mawili matatu. Kuna watu huapa kwamba Mwislamu na Myahudi wamechukiana tangu dunia iumbwe. Mimi watu hao hunichosha. Waulizeni basi kwa nini hapa Azrufa, mji wetu wa mlimani, mkate wa Ijumaa na mkate wa Sabato ilikuja kuwa na ladha moja.

Zamani haikuwa hivyo. Wayahudi walikaa upande wa juu wa mfereji, Waislamu upande wa chini, na kila mtaa ulikuwa na chachu yake, donge bichi lililolishwa unga na maji kila siku lisife. Pasaka ilipokaribia, Wayahudi waliondoa chachu yote majumbani, hata chembe iliyojificha katika ufa, kwa kuwakumbuka wazee wao waliotoka Misri mbiombio kabla unga haujaumuka. Waliitupa. Sikukuu ikiisha, walianza upya kwa unga na maji, na kwa siku kadhaa wakala mkate mgumu kama kigae.

Lakini Masuda, mjane wa Kiyahudi aliyeishi kwa kuoka, hakuweza kuitupa ya kwake. Aliachiwa na marehemu mama yake, na ndiyo iliyowalisha wanawe. Sheria yao haikumruhusu kubaki nayo, wala kuiweka amana kwa mtu. Ilibidi imtoke mkononi kabisa. Basi akavuka mfereji, akampelekea Ghita, Mwislamu, mke wa Idiri mfinyanzi, ambaye alizoea kukutana naye wakiteka maji.

"Shoga yangu, hii si amana," alimwambia. "Ni yako. Ukitaka itupe, ukitaka iokee. Mimi sitakuja kuidai."

"Haya, nimepokea," akasema Ghita.

Katikati ya sikukuu, maji ya mfereji yakapungua. Wanaume wa juu wakaziba, wanaume wa chini wakazibua, mawe yakaanza kurushwa. Jiwe moja kutoka juu likampasua kichwa Idiri. Ghita alipandwa na hasira, akalibeba bakuli la chachu mpaka jaani. Pale akasita. Chachu ilikuwa inatoa mapovu, ina njaa. Akarudi nayo ndani, akaitia unga huku akilaani. Kesho yake akailisha tena, na akalaani tena.

Jioni sikukuu ilipokwisha, Masuda alikaa nyuma ya mlango wake, hana la kufanya. Kuvuka aliogopa, na kuomba hakuweza, maana maneno yake mwenyewe yalikuwa yamemfunga. Asubuhi wanawe wangekula nini? Upande wa pili, Ghita alijitanda ushungi, akachukua bakuli. Shemeji yake akamzuia mlangoni.

"Unawapelekea waliompasua kichwa ndugu yangu?"

"Chachu ni yangu," Ghita akajibu. "Nilipewa bila masharti, nami nampa nimtakaye. Nipishe."

Akavuka mfereji, akapita mtaa wa juu, watu wakimchungulia madirishani, akagonga kwa Masuda.

"Mumeo anaendeleaje?" Masuda aliuliza.

"Anaumwa. Na ndugu zako sijawasamehe."

"Sikuthubutu kukuomba, dada."

"Najua. Ndiyo maana nimeileta."

Masuda akalia waziwazi. Akaigawa chachu mafungu mawili, moja akamrudishia Ghita, na kesho yake pande zote mbili zikanukia mkate wa aina moja. Mwaka uliofuata majirani wakawaiga, nyumba kwa nyumba. Sisemi ugomvi wa mfereji uliisha. Walizozana mpaka mvua zikanyesha, na wakazozana tena baadaye. Ila watu waliona vigumu kurusha jiwe kwenye nyumba yenye chachu iliyotoka kwa bibi yao wenyewe.

Na tangu siku hiyo, Azrufa chachu haiombwi, huletwa. Leo Wayahudi wetu karibu wote wamehamia ng'ambo, na milango ya mtaa wa juu ina makufuli. Moyo huniuma nikipita kule. Bakuli ndilo hili mnaloliona. Mimi ni wa ukoo wa Ghita, nami huilisha chachu yake kila asubuhi. Kila mwaka, jioni ya kuisha Pasaka ikifika, hulibeba mpaka kwenye mlango wa Masuda. Najua ndani hamna mtu. Hata hivyo nagonga kwanza, halafu nasubiri.